Chanda chema huvikwa pete, ila nani akichague?

Ndugu msomaji, kila mwaka msimu wa tuzo za Oscar unapowadia huko Marekani, huzuka ubishi ambao hata sisi tulio mbali na Hollywood huuparamia kwa pupa. Huyu hushikilia kwamba filamu fulani imepunjwa, na yule huapa kwamba iliyotuzwa haikustahili hata kutajwa. Nimeusikia ubishi huo mara nyingi katika vyumba vya walimu, nao wanafunzi huuendeleza mabwenini hadi taa zizimwe. Sina nia ya kuukomesha, kwa kuwa ubishi mzuri hunoa akili. Nia yangu ni kukiri kosa nililolitenda katika ubishi wa aina hiyo nilipokuwa mwanafunzi, maana naona kosa lilo hilo lingali linatendwa, tena na watu wazima wenye kura mkononi.

Ulikuwa mwaka wa 1986. Mnamo tarehe 24 Machi mwaka huo, filamu ya Out of Africa iliyoelekezwa na Sydney Pollack ilizoa tuzo 7 za Oscar, ikiwemo ile kuu ya filamu bora. Filamu hiyo ilipigwa hapa kwetu Kenya, na kisa chake kimetokana na maandishi ya Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyeishi humu nchini tangu 1914 hadi 1931 na kulima kahawa karibu na vilima vya Ngong. Usiku uo huo, The Color Purple ya Steven Spielberg, iliyotokana na riwaya ya Alice Walker kuhusu mwanamke mweusi wa kusini mwa Marekani, ilirudi mikono mitupu licha ya kuteuliwa kuwania tuzo 11.

Habari hizo zilipotufikia shuleni, chama chetu cha mjadala kiliandaa hoja isemayo kwamba Out of Africa ilistahili ushindi. Mimi nikateuliwa kuongoza upande wa upinzani. Siku ilipofika nilipanda jukwaani nikanguruma. Nilizungumzia ukoloni, ardhi iliyonyakuliwa, na Wazungu waliokuja kupendana katika mashamba ya babu zetu. Nayo The Color Purple nikaisifu hadi mbingu ya saba. Mwenzangu wa upande wa utetezi alikuwa kijana mpole ambaye mjomba wake alikuwa miongoni mwa wenyeji waliokodiwa kuonekana katika filamu ile. Alisimama akaeleza kwa sauti ya chini mambo aliyoyaona mwenyewe katika ukumbi wa sinema jijini Nairobi: jinsi picha zilivyopigwa, jinsi muziki ulivyoingia na kutoka, na hata pale alipoona hadithi imelegea. Ukumbi ukamzomea. Mimi nikashangiliwa, na mwalimu aliyekuwa mwamuzi akanitangaza mshindi, akanizawadi kalamu ya wino.

Tulipokuwa tukielekea kwenye chakula, kijana yule alinisogelea akaniuliza bila kinyongo, "Ndugu yangu, ile sehemu ya ndege, wewe uliionaje?"

Sikuwa na jibu. Sikuwa nimeiona filamu ile. Wala ile ya pili niliyoisifu sikuwa nimeiona. Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma, na siku hiyo debe lilikuwa mimi.

Ilipita miaka kadhaa kabla sijazipata kanda za video za filamu zote mbili. Nilizitazama siku mbili mfululizo, daftari mkononi, kama mtu anayelipa deni. Sasa, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sehemu ya ndege, pale Karen na mpenzi wake wanaporuka juu ya mabonde na maziwa na makundi ya heroe, ni sehemu nzuri ajabu. Mpiga picha wake, David Watkin, alituzwa, naye John Barry alituzwa kwa muziki. Kwa tuzo hizo mbili sina kinyongo hata chembe.

Hata hivyo, filamu bora ni zaidi ya picha nzuri na muziki mtamu. Katika Out of Africa wenyeji wa Ngong wapo kila mahali, ila ni nadra tuambiwe wanachokitaka. Wanapika, wanachuma kahawa, wanaugua, wanatibiwa. Hata mwishoni, anayepiga magoti mbele ya gavana kuwaombea Wakikuyu ardhi ni Karen. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliyakosoa vikali maandishi ya Blixen katika kitabu chake Moving the Centre cha mwaka wa 1993, na nilipomsoma nilitambua kwamba hoja niliyoitoa jukwaani ilikuwa na uzito. Tatizo ni kwamba niliitoa kama kasuku.

Nayo The Color Purple? Whoopi Goldberg, akiigiza kama Celie, anaweza kunyamaza dakika nzima nawe ukamwelewa. Pale Celie anapogundua kwamba mumewe amemficha barua za dadake kwa miaka mingi, nilisimamisha kanda nikatoka nje kupunga hewa. Lakini filamu niliyoipandisha mbingu ya saba ina kasoro zake pia. Kuna mahali Spielberg anatia sukari palipohitaji chumvi. Aidha, baadhi ya Wamarekani weusi waliilalamikia wakati huo kwa jinsi ilivyowachora wanaume weusi kuwa wakatili. Hayo yote sikuyajua nilipokuwa nikinguruma.

Hapo ndipo nilipokumbana na jambo la tatu, ambalo halikutajwa kabisa katika mjadala wetu. Mwaka uo huo Mjapani Akira Kurosawa, akiwa na umri wa miaka 75, alikuwa ametoa Ran, filamu iliyochota kisa cha King Lear, tamthilia ya Shakespeare, na kukipeleka katika Japani ya kale ya mashujaa wenye panga. Waelekezi wenzake walimteua kuwania tuzo ya mwelekezi bora. Lakini Ran haikuwa miongoni mwa filamu tano zilizowania tuzo ya filamu bora, na Japani haikuiwasilisha katika kitengo cha filamu za lugha za kigeni. Iliambulia tuzo moja tu, ya mavazi. Sisi tulikuwa tumekabana koo kuhusu filamu mbili, kumbe huenda iliyozishinda zote mbili ilikuwa imesimama nje ya mlango.

Iweje mambo yawe hivyo? Lazima tufahamu jinsi tuzo hizi zinavyotolewa. Akademia inayozitoa iliundwa mwaka wa 1927, na wanachama wake ni watu wa kazi hiyo ya filamu. Katika hatua ya uteuzi, waelekezi huwateua waelekezi na waigizaji huwateua waigizaji, ila filamu bora huteuliwa na wanachama wote. Ndiyo maana katika mwaka huo wa 1986 Kurosawa aliteuliwa bila filamu yake, na The Color Purple ikateuliwa mara 11 bila mwelekezi wake. Ajabu ni kwamba chama cha waelekezi wa Marekani, ambacho ni chombo tofauti, kilimtuza Spielberg kwa filamu iyo hiyo.

Fauka ya hayo, kipimo chenyewe hubadilika. Tuzo ya mwigizaji bora wa kike mwaka huo ilimwendea Geraldine Page kwa uigizaji wake katika The Trip to Bountiful. Alikuwa ameteuliwa mara 7 hapo awali bila kushinda. Sisemi hakustahili. Nauliza tu, je, kura ile ilipima filamu moja au maisha mazima? Vyote viwili vina thamani, ila ni vipimo viwili, na anayechanganya kilo na lita hawezi kumpa mnunuzi haki yake.

Kisha kuna suala la nani anayeshika mizani. Mwaka wa 2012 gazeti la Los Angeles Times lilichunguza uanachama wa Akademia, likapata kwamba karibu asilimia 94 walikuwa Wazungu na asilimia 77 walikuwa wanaume. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mwaka wa 2015, na tena 2016, nafasi zote 20 za uteuzi wa waigizaji ziliwaendea Wazungu, makelele yakazuka duniani, na Akademia ikaahidi kupanua uanachama. Mwaka wa 2020 filamu ya Parasite kutoka Korea Kusini ikawa ya kwanza isiyo ya Kiingereza kushinda tuzo ya filamu bora. Naam, mwamuzi anapobadilika, nayo orodha hubadilika.

Hata hivyo, msomaji wangu, lililonigusa zaidi si hilo. Mwaka wa 2014 filamu ya 12 Years a Slave ilishinda tuzo ya filamu bora, naye Lupita Nyong'o wetu akatuzwa kama mwigizaji bora msaidizi wa kike. Nilishangilia kama Wakenya wengine. Siku chache baadaye gazeti lilo hilo la Los Angeles Times liliripoti kwamba wapiga kura wawili walikiri faraghani kuwa waliipigia kura filamu hiyo bila kuitazama. Waliona ina umuhimu kwa jamii, lakini hawakutaka kuyaona mateso yaliyomo.

Niliposoma habari hizo nilijikumbuka jukwaani, kalamu mpya mfukoni. Wale wawili walipiga kura niliyoipenda. Jibu lao lilikuwa lilo hilo langu. Lakini mwalimu yeyote wa hesabu atakueleza kwamba mwanafunzi aliyenakili jibu sahihi kutoka kwa jirani hajui hesabu, na hastahili alama za kazi ambayo hakuifanya. Anayeitukuza kazi ya sanaa bila kuitazama hajaiheshimu, wala hajamheshimu aliyeitolea jasho. Amejiheshimu mwenyewe tu, aonekane mtu wa msimamo mwema. Ni mwezi wa Aprili 2025, takriban karne nzima tangu kuundwa kwake, ambapo Akademia ilitangaza kanuni kwamba sharti mwanachama awe amezitazama filamu zote zilizoteuliwa katika kitengo ndipo aruhusiwe kupiga kura ya mwisho katika kitengo hicho.

Huenda mwanafunzi akaniuliza, "Mwalimu, sisi yanatuhusu nini hayo ya Marekani?" Yanatuhusu. Mwaka wa 2012 Kenya iliwasilisha filamu kwa mara ya kwanza katika kitengo cha lugha za kigeni, nayo ni Nairobi Half Life, ambayo wahusika wake huzungumza Kiswahili, Sheng na Kikuyu. Mwaka wa 2019 filamu ya Lionheart kutoka Nigeria iliondolewa katika kitengo icho hicho kwa sababu mazungumzo yake mengi yalikuwa ya Kiingereza. Wanaijeria walilalamika kwamba Kiingereza ni lugha yao rasmi waliyoachiwa na mkoloni, na malalamiko yao yana mashiko. Lakini kwetu sisi tunaokifundisha Kiswahili, na ambao wakati mwingine huulizwa lugha hii itampeleka mtoto wapi, hapo pana mlango ambao Kiswahili hufungua na Kiingereza hufunga.

Zaidi ya hayo, waamuzi wako hapa nyumbani pia. Tuna tamasha za drama, mashindano ya insha, na mijadala ya kila muhula. Mwalimu ndiye Akademia ya kwanza ambayo mtoto hukutana nayo, na pete anayoivika chanda huenda ikamwelekeza mtoto huyo maisha yake yote. Nawasihi basi walimu wenzangu kwamba kabla ya kumruhusu mwanafunzi aseme kazi gani inastahili tuzo, tumwulize maswali matatu. Je, umeitazama au kuisoma yote? Unapima kwa kipimo gani, na je, unazipima zote kwa kipimo hicho hicho? Na ni ipi isiyokuwamo katika orodha, na nani aliyeiacha nje? Atakayeyajibu matatu hayo ana haki ya kunipinga hadi usiku wa manane, nami nitamsikiliza.

Sitaki nionekane ninakwepa swali, kwa hiyo nitatoa kura yangu. Kati ya zile mbili za 1986, ningali naipa The Color Purple, kwa sababu Celie ana mambo anayoyataka na filamu inamsikiliza, jambo ambalo wenyeji wa Ngong hawakulipata. Picha na muziki nawaachia Out of Africa. Tuzo ya mwelekezi nampa Kurosawa. Hukumu yangu haiko mbali sana na ile ya utoto wangu, ila leo naweza kuitetea bila kunguruma.

Kalamu ile ningali nayo, ingawa wino wake ulikauka zamani. Kila ninapoketi kuamua mashindano ya insha huiweka mezani mbele yangu, kisha huzisoma insha zote, hadi ile ya mwisho iliyoandikwa kwa mwandiko mbovu. Mwenzangu yule sikuwahi kumwomba radhi. Iwapo anausoma ukurasa huu, namjibu leo swali lake: ndugu yangu, ile sehemu ya ndege niliiona hatimaye, nayo ni nzuri kama ulivyosema. Kalamu ilikuwa yako.