Ukitafuta bolti, nenda na mwenzake

Samani za mtumba zimejaa mijini. Ukipita barabarani utaona makabati, viti vya ofisi na vitanda vilivyokwishalaliwa na watu wengine katika nchi nyingine. Sina ugomvi nazo. Nyingi ni imara kuliko mpya, na bei yake mtu wa mshahara anaweza kuizungumza. Taabu ni kwamba mara nyingi hufika zikiwa na upungufu wa kitu kimoja, na muuzaji hukwambia, "Hicho ni kitu kidogo, fundi yeyote atakuwekea."

Niliambiwa hivyo hivyo niliponunua kitanda cha watoto cha dabodeka kutoka kwa familia ya Kimarekani iliyokuwa inarudi kwao. Kilihitaji bolti nane. Ndani ya mfuko wa nailoni mlikuwa na sita. Seremala niliyemwita kukiunga akatoa msumari wa inchi nne na kuinua nyundo. Nikamzuia, nikijiona mjuzi.

Kumzuia nilifanya vema. Msumari hushikwa na nyuzi za mti zinazoubana, basi. Hauvuti mbao mbili zikakaribiana. Kitanda nacho hakitulii: mtoto akipanda ngazi kinasukumwa huku, akigeuka usingizini kinasukumwa kule, na kila msukumo hupanua tundu la msumari kidogo. Bolti na nati yake hubana mbao kutoka pande zote mbili, na ikilegea unaikaza tena.

Kosa langu lilikuja baadaye. Nilikwenda dukani mikono mitupu, nikaeleza kwa vidole: nene kiasi hiki, ndefu kiasi hiki. Nikapewa bolti mbili za milimita 8. Nyumbani ziliingia kwenye nati mizunguko miwili hivi, kisha zikawa ngumu. Nikaongeza nguvu kwa spana mpaka zikakataa kabisa, nikashukuru kwamba zimekaza. Wiki ya tatu kitanda kikaanza kulia usiku. Nilipofungua nikakuta meno ya bolti yamelika, na unga wa chuma umo ndani ya nati.

Safari ya pili nilikwenda Gerezani. Baada ya shikamoo, mzee mwenye duka hakuniuliza unene wala urefu. Aliuliza, "Umekuja na mwenzake?" Safari hii nilikuwa nimefungua moja kati ya zile sita. Akaichukua, akailaza ubavu kwa ubavu na ile ya milimita 8, meno kwa meno, akaziinua kwenye mwanga. "Tazama, kijana." Mwanzoni meno yaliingiana. Kufika katikati yakawa yanapandana, na mwanga ukapenya.

Sababu yake ni ya zamani. Uingereza ilianza kusawazisha meno ya bolti kwa inchi baada ya pendekezo la mhandisi Joseph Whitworth la mwaka 1841. Marekani ikawa na vipimo vyake, vilivyopendekezwa na William Sellers mwaka 1864, navyo vilikuwa vya inchi pia. Bara la Ulaya lilishika milimita, na leo sehemu kubwa ya dunia imefuata huko, lakini Wamarekani bado wanatumia inchi kwa vitu vingi.

Bolti ya kitanda changu ilikuwa ya inchi 5/16, ambayo ni milimita 7.94. Tofauti yake na ya milimita 8 ni sehemu sita za mia za milimita moja. Jicho haliioni. Hata spana hudanganya, maana namba 13 hukamata vichwa vyote viwili. Tofauti yenyewe iko kwenye meno: bolti ya kawaida ya inchi 5/16 ina meno 18 katika kila inchi, ya milimita 8 ina meno 20 na kidogo. Huanza safari pamoja, halafu kila moja hushika njia yake. Ule ugumu niliouona haukuwa kukaza. Yalikuwa ni meno mawili matatu yakiharibiana, na juu ya meno hayo nilikuwa nimemlaza mwanangu.

Mzee alikuwa nazo za inchi. Asingekuwa nazo, dawa ingekuwa kununua bolti ya milimita 8 pamoja na nati yake mwenyewe, kwani tundu la kwenye mbao hupokea zote mbili.

Vitu vingine havina fumbo kubwa. Mguu wa meza uliokerezwa, mpelekee fundi wa kerezo mguu uliobaki, si picha yake. Chaga za kitanda seremala yeyote atakata, mradi mbao iwe kavu. Reli za droo nunua jozi nzima.

Kwenye dabodeka kuna kitu kinachopotea bila watu kukitafuta, nacho ni kizuizi cha kitanda cha juu. Sheria ya Marekani, iliyoanza kutumika mwaka 2000, inataka kizuizi kipande inchi 5 au zaidi juu ya godoro, na nafasi zake zisizidi inchi 3 na nusu, mwili wa mtoto usije ukapita kichwa kikabaki. Sasa sisi hununua godoro la inchi 8 mahali pa godoro la inchi 4, tukaona tumemwonea mtoto huruma. Kizuizi kimezama. Pima godoro likiwa juu ya kitanda.

Kuna samani moja ambayo sitakushauri uitafutie spea. Ni kitanda cha mtoto mchanga chenye ubavu unaoteremshwa na kupandishwa. Vishikizo vyake vikikatika au kupotea, ubavu huachana na fremu, mtoto akateleza katika upenyo huo na kubanwa shingo au kukosa pumzi. Marekani ilihesabu vifo visivyopungua 32 tangu mwaka 2000, na kuanzia tarehe 28 Juni 2011 ikapiga marufuku kuviuza, vipya kwa vilivyotumika. Waya na kamba za kwetu haziwezi kuziba pengo hilo. Ukikutana nacho kwa bei ya kutupa, kiache. Kama umekwisha kinunua, kivunje kabisa kabla ya kukitoa nje, mtu mwingine asije akakiokota na kukiunga.