Buba ibaki shambani, isiende mtoni

Wengi wetu hapa Katanga tunaijua buba. Katika Kiswahili cha vitabu inaitwa utupa. Ni kichaka cha ukoo mmoja na maharagi na karanga. Kinaweza kupita urefu wa mtu, majani yake ni laini yenye manyoya, na maua yake ni meupe au ya zambarau.

Sifa yake mbaya inatoka mtoni. Watu wanatwanga majani, wanayamwaga ndani ya maji, na samaki wanaelea. Sumu yake inaitwa rotenoni. Inaingia kupitia mashavu ya samaki na kuzuia mwili wake kutumia hewa. Haichagui: wakubwa wanakufa pamoja na wadogo ambao wangekuwa mboga yetu ya mwaka kesho. Na maji hayo ndiyo tunayochota. Sheria ya nchi yetu inakataza kuvua kwa sumu.

Lakini tusiing'oe buba kwa hasira. Mizizi yake inasaidia kuchukua naitrojeni ya hewa na kuitia katika udongo. Jirani zetu wa mashariki mwa Zambia wanajua jambo hilo: shamba lililochoka wanalipanda buba kwa miaka miwili hivi, kisha wanaikata na kuchanganya majani na udongo kabla ya kupanda mahindi.

Tena, unga wa majani makavu unalinda mbegu za maharagi zisitobolewe na wadudu. Tuuweke kwenye mbegu tu, si kwenye maharagi ya kupika. Si kila buba ina nguvu hiyo: huko Malawi watafiti waliona miti mingine haina rotenoni kabisa. Basi tujaribu kwanza na kopo moja la mbegu.

Tukumbuke haya:
- Tusitwange buba katika kinu cha chakula.
- Tufunge pua na mdomo kwa kitambaa, kisha tunawe kwa sabuni.
- Unga na mbegu zilizopakwa tuviweke mbali na watoto.
- Vyombo tusivioshe mtoni wala karibu na bwawa la samaki.

Vijana wanaopeleka buba mtoni ni watoto wetu, wanakula kwetu. Jioni hii, kabla ya kuwapakulia bukari, tuwaambie: samaki mdogo aachwe akue.