KAZI YA PORINI NAYO HUSOMEWA

Ndugu msomaji, mwulize mtoto wa Mbinga anataka kazi gani akiwa mkubwa. Atakutajia ualimu, uuguzi, udereva au biashara ya kahawa. Ni wachache watakaojibu, "Nataka kufanya kazi porini." Na mtoto akijibu hivyo, huenda wazazi wakamcheka. Watasema, "Pori halina shule. Kila mtu hapa kijijini analijua pori."

Maneno hayo yana ukweli kidogo. Sisi watu wa vijijini tunalijua pori, mlima na ziwa. Lakini kulijua pori ni jambo moja. Kuwaongoza watu wengine porini na kuwarudisha salama ni jambo jingine. Jambo hilo la pili lina walimu wake, lina vyuo vyake na lina cheti.

Vyuo viko wapi?

Mwaka 1961 Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko mjini Arusha kuhusu wanyama wa pori. Tamko lilisema kwamba kuwahifadhi wanyama kunahitaji ujuzi, watu waliofundishwa na fedha. Miaka 2 baadaye, yaani mwaka 1963, kilianzishwa Chuo cha Mweka, katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Wanafunzi wake wametoka Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika. Mwaka 1966 kilianzishwa chuo cha Pasiansi, Mwanza. Hicho hufundisha askari wa wanyamapori. Chuo cha Taifa cha Utalii kina matawi Dar es Salaam na Arusha. Huko watu husomea kazi za hoteli na kazi ya kuongoza watalii.

Hapa kwetu mkoani Ruvuma tuna chuo pia. Kiko Likuyu Sekamaganga, wilaya ya Namtumbo. Chuo hiki hufundisha askari wa wanyamapori wa vijiji. Askari hao huchaguliwa na vijiji vyao wenyewe. Wengine hulinda maeneo ya jumuiya za hifadhi, kama Mbarang'andu kule Namtumbo na Nalika kule Tunduru. Tembo wakiingia mashambani, wao huitwa kusaidia kuwafukuza.

Walimu hawa hufundisha nini?

Kwanza, hufundisha kujua njia. Mwanafunzi hupewa ramani na dira. Dira ni kifaa kidogo chenye sindano. Sindano hiyo huelekea kaskazini siku zote, iwe mchana, usiku au katika ukungu. Aliyejifunza kuisoma ataweza kurudi kambini hata kama jua limefichwa na mawingu.

Pili, hufundisha kusoma nyayo na kuwaelewa wanyama. Tembo hana macho ya kuona mbali sana, lakini pua yake hunusa mbali. Kwa hiyo mwalimu huokota vumbi na kulimwaga kidogo kidogo, aone upepo unalipeleka wapi. Upepo ukitoka kwenu kwenda kwa tembo, atawanusa. Hapo inafaa mrudi au mpite njia nyingine.

Tatu, hufundisha huduma ya kwanza. Chukua mfano wa mtu aliyeumwa na nyoka. Wengi wetu hukimbilia kuchanja jeraha kwa wembe, kulinyonya, au kufunga kamba kwa nguvu. Mambo hayo huongeza madhara. Mtu huyo atulizwe. Avuliwe pete na bangili kabla mkono haujavimba. Asitembee, bali abebwe kwenda hospitali upesi.

Nne, hufundisha kuandika. Ndugu msomaji, hapa ujuzi wako wa kusoma na kuandika unaonekana thamani yake. Askari akitoka doria huandika taarifa. Ataandika siku, saa, mahali, na alichokiona. Bila taarifa hiyo, aliyoyaona hubaki kichwani mwake tu.

Wanafundisha namna gani?

Sisi Wamatengo wa milimani tunajua kulima ngoro. Je, mtoto hujifunza ngoro kwa kukaa darasani? La. Hupewa jembe, akaenda shambani na wakubwa. Hulaza majani, hufunika kwa udongo, na shimo likiharibika hulirudia.

Walimu wa porini hufanya vivyo hivyo. Mwalimu huonyesha, wanafunzi hufanya, kisha hurudia mpaka mkono uzoee. Hulala kwenye mahema. Hupika wenyewe. Hutembea mwendo mrefu wakiwa na mizigo mgongoni. Mwanafunzi mmoja huambiwa, "Leo wewe ndiye kiongozi." Mwalimu hukaa nyuma, hutazama. Akiona kosa dogo hunyamaza, ili mwanafunzi aligundue mwenyewe. Akiona kosa la hatari humzuia mara moja. Jioni wote hukaa na kusema lipi lilikwenda vizuri na lipi liliharibika.

Ziwa nalo lina somo lake

Ndugu zetu wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, msidhani habari hii ni ya watu wa tembo tu. Mwaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, shule moja ilifunguliwa Aberdovey, nchini Uingereza. Iliitwa Outward Bound. Waanzilishi wake walikuwa Kurt Hahn, ambaye alikuwa mwalimu, na Lawrence Holt, ambaye alikuwa na kampuni ya meli. Meli nyingi zilikuwa zikizamishwa. Holt aliona kwamba mabaharia vijana, ingawa walikuwa na nguvu, walikata tamaa na kufa upesi kuliko wazee waliozoea bahari. Vijana walikosa mazoezi ya kukabili shida. Basi shule hiyo ilianza kuwapa mazoezi hayo. Baadaye ilienea katika nchi nyingi. Katika miaka ya 1950 ilifunguliwa shule ya namna hiyo Loitokitok, nchini Kenya, chini ya Mlima Kilimanjaro.

Ziwa letu Nyasa ni lenye kina kirefu sana, na upepo wa kusini huvuma kwa nguvu kuanzia Mei hadi Agosti. Mvuvi wa usipa anajua hayo. Lakini je, kila kijana anayepanda mtumbwi anavaa jaketi la kujiokolea? Mtumbwi ukipinduka, je, anajua kwamba aushike asiuache? Pwani huonekana karibu, na wengi hujaribu kuogelea kwenda huko, wakachoka katikati. Mtumbwi uliopinduka huelea, na waokoaji huuona upesi kuliko kichwa cha mtu.

Mambo haya yanaweza kufundishwa. Mgeni akija Nyasa kuona samaki wa rangi miambani, au kutembea Milima ya Livingstone, atataka mtu aliyefundishwa.

Cheti kina faida gani?

Tazama Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa meta 5,895. Wako watu wanaobeba mizigo, nao huitwa wapagazi. Wako wanaoongoza, nao ni waongozaji. Wote hupanda mlima huohuo. Lakini mpagazi hulipwa kidogo, na mwongozaji hulipwa zaidi, kwa sababu maisha ya wageni yamo mikononi mwake. Juu kule hewa ni nyembamba. Mgeni akiumwa kichwa, akitapika, akianza kuyumba kama mlevi, mwongozaji lazima ajue kwamba mtu huyo ashushwe mara moja, hata usiku. Ndiyo maana mwongozaji hawezi kufanya kazi hiyo bila leseni.

Hapo ndipo penye hatari kwetu. Wageni wakiongezeka Nyasa, na sisi hatuna watu wenye cheti, kazi ya kuongoza itachukuliwa na watu wa mbali. Vijana wetu, wanaojua kila mwamba na kila kijito, watabaki kubeba mizigo katika nchi ya baba zao.

Ufanye nini, mzazi?

1. Mtoto akisema anapenda kazi ya porini, msikilize. Awe wa kiume au wa kike. Wanawake nao ni askari wa wanyamapori na waongozaji.

2. Msaidie amalize kidato cha nne na afaulu. Biolojia, jiografia na Kiingereza vitamsaidia sana.

3. Mwulizeni ofisa wa wanyamapori wa wilaya kuhusu vyuo na sifa zinazotakiwa.

4. Kabla ya kuuza kahawa ili ulipe ada, hakikisha kwamba chuo kimesajiliwa na NACTVET. Usimpe fedha mtu anayekuja nyumbani kuahidi nafasi. Fedha za chuo hulipwa chuoni kwa utaratibu wake, na risiti hutolewa.

5. Mwambie mtoto ukweli. Kazi hii ina jua, mvua na hatari. Tena nafasi si nyingi. Kazi ya kuongoza watalii hupungua msimu wa mvua. Kwa hiyo asiliache shamba lake la kahawa.

Nawe mzee unayejua nyayo, miti na pepo za ziwa, usikae kimya na ujuzi wako. Mchukue mjukuu, mwonyeshe. Akifika chuoni atakuwa ameanza mbele ya wenzake.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini kujua pori peke yake hakutoshi kuongoza wageni?
2. Mtu akiumwa na nyoka, tufanye nini? Tusifanye nini?
3. Mtumbwi ukipinduka mbali na pwani, kwa nini inafaa kuushika?
4. Katika kijiji chetu, nani anaweza kuwafundisha vijana habari za pori au ziwa?