JE, WAJUA? Ndege ya Tabora Hupaa Hata Sebuleni

• Ukiwa Lusu, Nzega, waweza kurusha ndege kutoka uwanja wa ndege wa Tabora kwa kompyuta. Kwenye programu za kuigiza urubani, uwanja huo hutafutwa kwa herufi HTTB.

• Q400, aina ya ndege ambayo Air Tanzania ilipokea mbili Septemba 2016, huuzwa pia kama ndege ya nyongeza ya kompyuta.

• Kabla ya kulipa, hakikisha imeundwa kwa programu uliyo nayo. Ndege ya X-Plane haifanyi kazi ndani ya Microsoft Flight Simulator.

• Haionekani baada ya kuiweka? Kwenye Microsoft Flight Simulator ya 2020, kagua folda ya Community. Mara nyingi folda ya ndege imejificha ndani ya folda nyingine. Itoe, kisha washa programu upya.

• Inachelewa kupaa? Huenda si mbovu. Tabora iko karibu mita 1,180 juu ya usawa wa bahari. Joto likipanda hewa huwa nyepesi, injini na mabawa yakapungukiwa nguvu.

• Februari 1920, ndege halisi ya Vickers Vimy iliyodhaminiwa na gazeti la The Times kutoka London kwenda Cape Town iliishia Tabora: ilianguka ikipaa.