Je, Wajua? Waya wa Pili Juu ya Jukwaa

Je, wajua kwamba taa ikichomoka mita 6 juu ya jukwaa hufika chini kwa sekunde 1 na ushei, ikiwa na mwendo wa karibu kilomita 39 kwa saa? Mwimbaji aliyefumba macho mbele ya maikrofoni hapati nafasi ya kukwepa. Ndiyo maana taa ya juu ya vichwa vya watu hufungwa mara mbili: kwanza kwa klampu inayoibana kwenye bomba, kisha kwa waya wa usalama, ambao kazi yake huanza siku klampu inapoachia.

Je, wajua kwamba ulegevu wa waya huo unaweza kuwa hatari kuliko uzito wa taa yenyewe? Piga hesabu hii. Taa ya kilo 10 inaanguka sentimita 20 kabla waya haujakaza, kisha waya unaisimamisha ndani ya sentimita 1. Nguvu inayoupiga waya ni sawa na uzito wa kilo 210 hivi. Sasa ulegeze waya huohuo ufikie mita 1: nguvu inapita tani 1. Taa haijabadilika na waya haujabadilika, ila umbali wa kuanguka umeongezeka mara tano. Ujerumani imeliona hilo mapema, na kanuni zake za kazi za jukwaani zimeweka ukomo wa sentimita 20 za kuanguka. Kwa hiyo fundi anayenunua nyaya ndefu tupu ili zimtoshee kila mahali anajitafutia balaa. Akikosa fupi, basi auzungushe ule mrefu kwenye bomba mara mbili, tatu, mpaka ulegevu uishe.

Na kilo zilizoandikwa kwenye kibati cha waya? Zisome kwa makini. Kwa nyaya za chuma za kunyanyulia mizigo, uzito unaoruhusiwa kwa kawaida ni sehemu moja ya tano ya ule unaoukata waya. Muuzaji akikutajia ule wa kukatika kana kwamba ndio wa kufanyia kazi, usinunue. Hata uzito unaoruhusiwa unahusu mzigo uliotulia, haujahesabu mshtuko wa kudaka kitu kinachoanguka. Tafuta waya uliotengenezwa kwa kazi hii hasa, wenye jina la mtengenezaji na kilo za taa unazoweza kuzidaka. Waya usio na alama yoyote ubaki dukani, hata ukiwa mnene kama kidole.

Ukipima taa, ipime na klampu yake, lenzi yake na mabati ya kuelekezea mwanga. Vyote huanguka pamoja. Yale mabati na fremu za rangi, kwa kuwa hutolewa na kurudishwa, yafungwe kwa kiwaya chake.

Je, wajua kwamba kamba ya waya tunayoijua leo ilitoka migodini? Katika milima ya Harz, Ujerumani, minyororo ya kupandishia madini ilikuwa ikikatika ghafla, kwa sababu pete moja mbovu inatosha kuangusha mzigo wote. Mwaka 1834 Wilhelm Albert, ofisa wa migodi ya Clausthal, alianza kutumia kamba iliyosokotwa kwa nyuzi 12 za chuma, mafungu matatu ya nyuzi nne nne. Uzi mmoja ukikatika, wenzake waliendelea kubeba, na mkaguzi aliuona mapema. Aina moja laini inayotumika sana leo ina mafungu 7 ya nyuzi 19, jumla nyuzi 133, na onyo ni lilelile: uzi mmoja mmoja unaotangulia kukatika. Njia rahisi ya kulipata ni kuupitisha waya taratibu ndani ya kitambaa cha pamba. Uzi uliokatika hukinasa kitambaa papo hapo. Usijaribu kwa vidole vitupu, utachanika.

Hapo ndipo ninapozikataa nyaya zilizovikwa plastiki isiyoonyesha ndani. Zinapendeza na hazichubui rangi ya taa, lakini uzi uliokatika na kutu vyote vinajificha ndani yake.

Kutu nayo si jambo la kupuuza pwani. Ngome Kongwe ya Unguja, ambako tamasha la Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004 limefanyika kwa miaka mingi, iko hatua chache tu kutoka baharini, na upepo wa huko umejaa chumvi. Waya uliopakwa zinki hustahimili kwa muda, kwa kuwa zinki huliwa kwanza badala ya chuma. Ikiisha, kutu inaingia. Kwa taa zinazokaa hewani msimu mzima karibu na bahari, chuma cha pua cha daraja la 316 kinastahili gharama yake: kimeongezwa molibdeni, inayokisaidia kuhimili chumvi.

Je, wajua kwamba kioo cha balbu ya halojeni lazima kipite nyuzi joto 250 ndipo balbu ifanye kazi ipasavyo? Nailoni ya vile vifungo vyeusi vya kukazia nyaya huyeyuka kwenye 260 hivi, na hulainika mapema zaidi. Kufungia nyaya za umeme ni sawa. Kumlinda mtu aliyesimama chini, hapana kabisa. Hata mikanda ya poliesta inayobeba trasi nzima, yaani fremu ya mabomba inayoshikilia taa, inaweza kuunguzwa na joto la taa, na ndiyo maana waning'inizaji huiongezea waya wa chuma pembeni.

Taa zinazogeuka kwa mota zina tabia yake. Nyingi zinazidi kilo 20, na usiku kucha zinajitikisa huku na huku. Karabina, ile pete yenye mlango inayounganisha ncha za waya, ikiwa haina kufuli na ikaegemea bomba, inaweza kusukumwa mlango ukafunguka kwa mtikisiko huo. Kiungo chenye nati ya kukaza hakina tatizo hilo, mradi nati ikazwe mpaka mwisho.

Mahali pa kufunga pana uzito uleule. Ukipitisha waya kwenye mkono wa taa peke yake, bolti ya mkono ikilegea taa inaanguka na mkono unabaki umening'inia. Tumia tundu aliloweka mtengenezaji kwenye mwili wa taa. Waya ukikunjwa kwenye pini nyembamba kama wenyewe hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, basi epuka kona kali.

Tarehe 13 Agosti 1990, katika uwanja wa Wingate Field, Brooklyn, upepo mkali uliangusha mitambo ya taa ikampiga mwanamuziki Curtis Mayfield, akapooza kuanzia shingoni. Miaka sita baadaye alitoa albamu ya New World Order, aliyoirekodi akiwa amelala chali, akiimba mstari mmoja mmoja. Waya wa taa usingemwokoa, kwa kuwa kilichoanguka ni kile ambacho waya wenyewe hufungwa kwacho. Kabla ya kuchagua waya, tazama bomba, mnara na uzito ulioushikilia ardhini, na ukubaliane na wenzako kasi ya upepo ambayo ikifika, jukwaa linafungwa.

Je, wajua kwamba waya uliowahi kudaka taa mara moja umekwisha kazi, hata ukionekana mzima? Nyuzi za ndani zimevutwa na kibano cha ncha kimeshtuka. Ukate vipande kabla ya kuutupa, maana ukiachwa mzima kwenye pipa la taka, kuna mtu atauokota na kuupandisha tena juu.