Ukigongwa na Gari la Nchi Jirani

Hapa Busia na Malaba, ambako boda boda zilianza zikiwa baiskeli, malori hupita usiku na mchana. Dereva aliyemgonga mwendesha baiskeli aweza kuvuka mpaka kabla majeruhi hajafika hospitalini. Kwa hiyo twawasihi mzingatie haya.

Kwanza, piga simu 999. Aliyeumia shingo au mgongo asiinuliwe ovyo.

Pili, andika namba ya gari na ya tela, kwani hutofautiana. Tena namba ya Kadi ya Njano ya COMESA. Kadi hiyo ndiyo bima ya gari la kigeni, na madai yake hushughulikiwa katika nchi ajali ilipotokea. Huna haja ya kumfuata dereva kwao.

Tatu, usipokee fedha barabarani ukaenda zako. Damu ivujayo ndani ya kichwa au tumbo huweza kujulikana kesho yake, na lori limekwisha kwenda. Tibiwa, tunza stakabadhi, wala usitengeneze baiskeli kabla hatujaikagua.

Nanyi mlioshuhudia, msimpige dereva. Mzuieni kwa amani, mtupe majina yenu. Ushahidi wenu ndio haki ya majeruhi.