Dirisha la Kutokea

Ukipita mtaa wowote unaojengwa leo, Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa, utaona nondo zikitangulia vioo. Dari haijapigwa, ukuta haujapakwa rangi, lakini kila dirisha limeshachomelewa grili na mlango wa mbele una geti la chuma lenye kufuli mbili. Siwalaumu wenye nyumba, maana wezi wapo. Ila moto nao huja usiku, na familia iliyojifungia dhidi ya mwizi hujikuta haina pa kutokea. Katika mambo yote ya kinga ya moto nyumbani, hili la njia ya kutokea ndilo linalonikosesha usingizi kuliko mengine.

Watu wengi hudhani watakuwa na nafasi ya kutosha ya kutafuta funguo. Zamani labda. Kitanda cha mbao na godoro la sufi viliungua taratibu. Siku hizi tunalalia godoro la sponji, tunakalia sofa la sponji, mapazia ni ya nailoni, na vitu hivi vyote vimetokana na mafuta ya petroli. Taasisi ya UL ya Marekani iliwahi kuchoma vyumba viwili kwa majaribio, kimoja kikiwa na samani za zamani na kingine za kisasa. Cha zamani kilichukua karibu nusu saa kuwaka chote. Cha kisasa hakikufika dakika tano.

Na kabla ya miali kuna moshi, ambao ndio unaoua wengi. Sponji ikiungua hutoa kaboni monoksaidi pamoja na gesi ya sianidi. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na huing'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Msitegemee harufu ya moshi iwaamshe: aliyelala fofofo hunusa kidogo sana, na gesi hiyo humzidishia usingizi. Kengele ndogo ya moshi inayotumia betri, ikifungwa kwenye dari ya korido inayoelekea vyumbani, humwamsha mtu wakati bado anaweza kutembea. Ningependa kila nyumba iwe nayo kabla ya kununua televisheni ya pili.

Lakini kuamka peke yake hakutoshi. Machi 1998 wasichana 26 walikufa bwenini katika shule ya Bombolulu, pwani ya Kenya. Machi 2001 wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos. Habari za mikasa yote miwili zilirudia maneno yale yale: mlango uliofungwa, madirisha yenye vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama shuleni unaotaka madirisha ya bweni yasiwe na grili na milango ifunguke kwa nje. Somo hilo lililipiwa kwa roho za watoto. Lakini wanafunzi wa leo wakirudi nyumbani likizo, tunawalaza nyuma ya nondo zile zile.

Sisemi mng'oe grili. Mwiteni fundi wa kuchomelea, akate kipande kimoja cha grili katika kila chumba cha kulala, akitie bawaba, na komeo lake liwe ndani, mahali ambapo mkono wa mtu aliye nje haufiki. Ni bora komeo lisihitaji funguo. Likilazimu kuwa na kufuli, funguo itundikwe kando ya dirisha, isiguswe kwa shughuli nyingine yoyote, na kila anayelala chumbani humo aijue gizani. Kuhusu ukubwa, kanuni za ujenzi za Uingereza hutaka nafasi isiyopungua sentimita 45 kila upande na mita za mraba 0.33 kwa jumla. Dirisha la sentimita 45 kwa 75 linatosha mtu mzima kupita. Angalieni pia madirisha ya aluminiamu ya kuteleza: likifunguka nusu tu, nusu iliyo wazi iwe ndiyo yenye kipande cha grili kinachofunguka.

Usiku, funguo za geti zikae sehemu moja karibu na mlango, si kwenye mkoba wa mama wala mfuko wa suruali ya baba. Milango ya vyumba ifungwe mnapolala, bila kutiwa ufunguo. Mlango wa kawaida wa mbao uliofungwa huzuia moshi na joto kwa dakika kadhaa, na dakika hizo ndizo za kumtoa mtoto dirishani. Ukiukuta mlango una joto, usiufungue. Tambaa, maana moshi wa moto hupanda juu na hewa ya afadhali hubaki karibu na sakafu.

Jikoni nitapita haraka. Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya wananchi kupikia nishati safi ifikapo 2034, kwa hiyo mitungi ya gesi itaongezeka majumbani. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutanda sakafuni ikingoja cheche. Ukiinusa, usiwashe taa wala usiizime. Funga koki ya mtungi, fungua milango, toka. Mafuta yakishika moto kwenye kikaango, usimwagie maji kamwe, kwani maji hugeuka mvuke papo hapo na kurusha mafuta yanayowaka hadi darini. Zima jiko, funika kikaango kwa mfuniko, acha kipoe. Na breka ikikatika kila mara, fundi umeme atafute sababu. Asiweke breka kubwa zaidi.

Walio kando ya pori au mashamba wana hatari nyingine wakati wa kiangazi. Mara nyingi nyumba huunguzwa na cheche zinazopeperushwa mbele ya moto wenyewe, zikatua kwenye makuti, nyasi za paa au rundo la kuni ukutani. Fyekeni majani makavu kuizunguka nyumba kwa mita kumi hivi, na kuni zikae mbali. Kama nyumba iko mlimani, fyekeni zaidi upande wa chini, kwa sababu moto hupanda mteremko kwa kasi kubwa. Upepo ukiuelekeza kwenu, ondokeni mapema, kungali na njia.

Jumamosi moja jioni, fanyeni zoezi. Zimeni taa, kila mtu atoke chumbani kwake kupitia mlango, kisha warudie kupitia dirisha, na wote wakutane mahali pamoja nje, chini ya mti au kwenye nguzo ya umeme, wahesabiwe. Amueni mapema nani anamtoa bibi na nani anambeba mtoto mchanga. Kama bibi hatembei vizuri, chumba chake kiwe kile kilicho karibu na mlango. Aliyetoka harudi ndani kufuata simu wala vyeti. Namba ya Zimamoto Tanzania ni 114, na hupigwa mkiwa nje. Mtoto mkubwa ajue kuitaja njia kwa alama ambazo dereva mgeni atazitambua: msikiti, shule, kituo cha daladala.